Orodha ya "vyakula vya kuongeza damu" haijui hesabu: uhakiki kwa niaba ya mjamzito wa Singida

Bila shaka unaijua orodha hii. Imebandikwa ukutani kliniki, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na shangazi anaikariri bila kusoma: maini, nyama nyekundu, mayai, dagaa, mboga za majani, maharage, juisi ya rosela. Kichwa chake huwa kilekile, "Vyakula vinavyoongeza damu kwa mama mjamzito". Leo tunaihakiki kama tunavyohakiki kitabu au filamu. Inadai nini? Ushahidi wake uko wapi? Na inamsaidia nani?

Ili uhakiki uwe wa haki, tumchague msomaji mmoja: mjamzito wa mkoa wa Singida, tuseme Iramba, Mkalama au Ikungi, ambaye sahani yake karibu yote inatoka kwenye mimea. Ni ugali wa mtama au uwele, mlenda, kunde, majani ya maboga na mafuta ya alizeti.

Wapo wanaokula hivyo kwa hiari au kwa imani, kwa mfano baadhi ya Wasabato. Lakini wengi hula hivyo kwa sababu ndicho kilichopo. Singida ina sifa ya kuku wa kienyeji, sawa, lakini kuku hao huingia kwenye matenga wakapanda gari kwenda Dar es Salaam. Kuku ni ada ya shule na ni dawa mtoto akiugua. Mama anayewafuga anaweza kupitisha wiki nzima bila kuonja hata shingo.

Na suala hili si dogo. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wajawazito peke yao walikuwa 57 kati ya 100. Upungufu mkali wa damu ndio unaomfanya mama aingie leba akiwa hana akiba, na damu kidogo akipoteza inakuwa dharura. Kwa hiyo orodha inayohusu damu inabidi iwe sahihi.

Orodha mbili, udhaifu uleule

Orodha ya kwanza ni hiyo ya ukutani. Kwa mama wetu nusu yake haitekelezeki. Ukimwambia "kula maini mara mbili kwa wiki" mtu ambaye bucha lililo karibu liko kwenye gulio la kila wiki, umemwachia lawama tu. Akirudi mwezi ujao na wekundu wa damu uleule, ataulizwa, "Mama, hukula tulivyokuambia?"

Orodha ya pili ndiyo unayoipata ukitafuta mtandaoni "mjamzito asiyekula nyama". Hiyo ina kinoa, maziwa ya lozi, mbegu za chia, tofu. Imeandikwa kwa ajili ya mtu wa London mwenye duka kubwa chini ya nyumba yake, kisha ikatafsiriwa. Inamheshimu asiyekula nyama, lakini haijui kama mtama upo duniani.

Ukiziweka pamoja, utaona zina udhaifu mmoja. Zote mbili zinahesabu kinachoingia mdomoni na kuishia hapo. Mtoto aliye tumboni hafaidiki na kilichoingia mdomoni mwa mama. Anafaidika na kilichovuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo kubwa, na kwa mtu anayekula mimea tupu pengo hilo ndilo habari yenyewe.

Hebu tupige hesabu

Tuchukue siku nzuri, ya baada ya mavuno. Mama anakula gramu 300 za unga wa mtama kwa siku, gramu 100 za kunde (zikipimwa zikiwa kavu) na gramu 150 za mboga za majani. Mtama una takriban miligramu 4 za madini chuma kwa kila gramu 100, kunde kavu takriban 8, na mboga mbichi tuseme 2. Jumla ni 12, na 8, na 3: miligramu 23.

Sasa fungua mwongozo wowote utakutana na kiwango kinachonukuliwa sana, miligramu 27 kwa siku kwa mjamzito. Ishirini na tatu kwa 27! Orodha itasema mama yuko karibu kabisa, aongeze mlenda kidogo tu mambo yawe sawa.

Ngoja kwanza. Hiyo 27 ilikokotolewa kwa mtu anayekula mlo mchanganyiko wenye nyama, ambao madini chuma yake hufyonzwa kirahisi. Wataalamu walioipanga walisema pia kwamba asiyekula nyama azidishe kwa 1.8. Hapo tunafika karibu 49, na mama wetu hajafika hata nusu.

Tuangalie upande wa pili, ule wa damu. Mimba nzima inahitaji takriban miligramu 1,000 za madini chuma yaliyokwisha kuingia mwilini: ya mtoto, ya kondo, ya damu ya mama inayoongezeka na ya ile itakayopotea wakati wa kujifungua. Gawanya kwa siku 280, unapata kama miligramu 3.6 kila siku. Mlo wa nafaka zisizokobolewa na kunde, usiokuwa na nyama wala matunda, hukadiriwa kufyonzwa asilimia 5 tu. Asilimia 5 ya 23 ni 1.15. Ukiuboresha ukafika asilimia 10, unapata 2.3.

Ni kweli mwili wa mjamzito una ujanja wake: mimba ikikua, utumbo huongeza bidii ya kufyonza, na hedhi imesimama. Kwa hiyo hesabu hii isikutishe kupita kiasi. Lakini inatuonyesha mambo mawili ambayo orodha imeyaficha. Kwanza, namna ya kupika inaweza kuongeza mara mbili kile unachopata kutoka kwenye chakula kilekile. Pili, hata ukiongeza mara mbili, pengo halifungiki kwa chakula peke yake.

Kuna watakaosema, "Lakini takwimu zenyewe si ziko kwenye vitabu?" Ziko. Tanzania ina majedwali ya viambato vya vyakula yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Shule ya Afya ya Umma ya Harvard. Ni kazi ya thamani. Ila safu ya madini chuma katika jedwali inakuambia kilichomo kwenye chakula, haikuahidi kwamba kitafyonzwa. Lawama ni ya anayenakili safu moja na kuiandika "inaongeza damu".

Mfano mzuri ni mlenda mkavu. Majani yaliyokaushwa yakipimwa kwa gramu 100 hutoa namba kubwa, kwa sababu maji yametoka. Lakini nani anakula gramu 100 za unga wa mlenda kwa mlo mmoja? Tena sehemu ya chuma hicho inaweza kuwa vumbi la pale majani yalipoanikwa, na chuma cha udongo utumbo haukichukui vizuri. Mlenda ni mboga nzuri. Namba yake ndiyo inayodanganya.

Mjadala ambao Tanzania iliufanya zamani

Kinachosikitisha ni kwamba jambo hili tulilijua mapema. Nafaka huhifadhi fosforasi yake ndani ya kitu kinachoitwa faiteti. Faiteti hukamata madini chuma na zinki kama gundi, vikapita tumboni hadi chooni. Ili kuivunja unahitaji kimeng'enya, na kimeng'enya hicho mbegu yenyewe hukiamsha pale inapoanza kuota.

Mwaka 1993, Ulf Svanberg, Wilbald Lorri na Ann-Sofie Sandberg walichapisha utafiti katika jarida la Journal of Food Science. Lorri ni Mtanzania aliyekuja kuiongoza Taasisi ya Chakula na Lishe. Walichachua uji wa nafaka na kupima kilichotokea. Kwa nafaka zisizo na tanini, kuchachua pamoja na unga wa mbegu zilizooteshwa kulishusha sana faiteti na kupandisha sehemu ya chuma inayoyeyuka. Kwa nafaka zenye tanini nyingi, mabadiliko yalikuwa madogo.

Tuwe wakali kidogo na utafiti huo pia, maana uhakiki hauchagui. Ulifanyika maabara, kwa kuiga mmeng'enyo, na haukufanyika kwa wajawazito. Chuma kinachoyeyuka kwenye chupa hakijawa damu. Lakini mwelekeo wake unakubaliana na tunachokijua kuhusu faiteti, na mchanganyiko waliopima si mgeni kwako: ni togwa. Unga, kimea, usiku mmoja. Bibi zetu walikuwa na teknolojia hiyo jikoni, na orodha ya ukutani haiitaji hata mara moja.

Sehemu ya tanini ina uzito wake kwa Singida. Mtama mwekundu hupendwa kwa sababu kwelea kwelea hawaupendi; ule uchungu unaowafukuza ndege ndio tanini yenyewe. Kinga ya shambani inageuka kizuizi tumboni. Kama nyumbani kuna mtama mweupe, kama Macia, na mwekundu, mweupe ndio uende kwa mjamzito. Kama upo mwekundu tu, kuukoboa hupunguza tanini, maana nyingi iko kwenye ganda. Utapoteza na chuma kidogo, lakini kinachobaki kitafyonzwa kirahisi zaidi.

Orodha ingeandikwa hivi

Orodha yenye akili ingeanza na vitendo, majina ya vyakula yafuate. Loweka kunde usiku kucha na umwage yale maji. Otesha ulezi, ukaushe, usage, upate kimea. Chachua uji. Ukiotesha mtama badala ya ulezi, sugua utoe vichipukizi na mizizi yote kabla ya kusaga, kisha upike vizuri, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina kemikali inayotoa sayanidi. Na togwa inywewe ikiwa changa; ikishaanza kulevya ni pombe, haimhusu mjamzito.

Halafu vitamini C. Hii hukisaidia chuma cha mimea kuvuka utumbo, na ikiliwa katika mlo uleule inaweza kuongeza ufyonzwaji maradufu au zaidi. Unga wa ubuyu unayo kwa wingi. Pera, chungwa na nyanya mbichi pia. Ukwaju ni mchachu sana lakini vitamini C yake ni kidogo. Uchachu si kipimo. Na ubuyu usiuchemshe. Ukoroge kwenye maji ya kunywa au kwenye uji uliopoa, maana moto huiharibu vitamini hiyo.

Kisha vitu vya kusogeza mbali. Chai ya rangi pamoja na mlo hupunguza ufyonzwaji wa chuma kwa zaidi ya nusu. Hatusemi uache chai, tunasema ipishane na chakula kwa saa moja au zaidi. Udongo, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito, unaweza kukamata chuma tumboni, na hamu yake mara nyingi huambatana na upungufu wa damu wenyewe. Mjamzito akiutamani sana, jibu ni kupima damu, si kumcheka.

Magadi nayo. Yanalainisha mlenda na kunde na kuokoa kuni, na kuni nazo ni jasho la mama huyohuyo. Lakini magadi huua vitamini C na vitamini B1. Kama huwezi kuyaacha, tia kidogo, na ule ubuyu au tunda pembeni. Majani ya kukausha yaanikwe kivulini, jua kali linaunguza vitamini A na C yake.

Nguvu: sehemu iliyosahaulika kabisa

Orodha inazungumzia damu tu, kana kwamba mama hachoki kwa sababu nyingine. Miongozo inayotumika sana inakadiria kwamba mjamzito anahitaji takriban kilokalori 340 za ziada kwa siku katika miezi mitatu ya kati, na 450 katika miezi mitatu ya mwisho. Hapo bado hatujaweka jembe.

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari hadi Machi ndipo ghala linapokuwa jepesi na palizi inapokuwa nzito. Mboga za porini zimejaa wakati huo, nafaka ndiyo haba. Mimba ikiangukia miezi hiyo, uchovu wa mama unaweza kuwa njaa ya kawaida, na kumpa orodha ya vyakula vya kuongeza damu ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Tatizo la pili ni ujazo. Chakula cha mimea kina maji na nyuzi nyingi, na tumbo la miezi minane halina nafasi. Hapa tena kimea ni mkombozi. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walionyesha kwamba unga kidogo wa mbegu zilizooteshwa huufanya uji mzito uwe wa kunyweka, kwa hiyo bakuli lilelile linabeba unga mwingi zaidi. Walikuwa wanawafikiria watoto wa kulikizwa, lakini bakuli halijui nani ananywa. Pika uji mzito, uache upoe kiasi, koroga kijiko cha kimea, utaona unalegea mbele ya macho yako. Urudishe jikoni uchemke tena.

Ongeza gramu 50 za karanga zilizosagwa (karibu kilokalori 285) na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti (karibu 120). Umepata zaidi ya 400, na vyote vinalimwa hapohapo. Karanga zichaguliwe: zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, wala zisisagwe kwa ajili ya mtu yeyote. Sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara.

Protini, kwa kifupi: mtama umepungukiwa na laisini, kunde zinayo. Ukila vyote ndani ya siku moja umeziba pengo. Wala huhitaji kinoa.

Pale ambapo mimea inashindwa

Sasa tuigeukie orodha ya pili, ile ya mtandaoni, maana nayo ina uongo wake. Mara nyingi hudokeza kwamba "mimea ina kila kitu". Haina. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria na kutufikia kupitia vyakula vya wanyama. Mlenda hauna, kunde hazina, na togwa si chanzo cha kutegemea. Mtu aliyekula nyama zamani ana akiba kwenye ini, inaweza kudumu miaka. Lakini anayekula mimea tupu kwa muda mrefu, kisha akabeba mimba na kunyonyesha, mtoto wake anaweza kuzaliwa na akiba ndogo, na neva za mtoto haziwezi kusubiri.

Vile vidonge vya kliniki vya madini chuma na foliki asidi havina B12. Zaidi ya hapo, foliki asidi inaweza kuificha dalili ya damu ya upungufu wa B12 huku neva zikiendelea kuumia. Kwa hiyo kama hugusi nyama, mayai, maziwa wala dagaa, sema hivyo kliniki, kwa maneno hayo hayo, uulize kuhusu kidonge chenye B12. Na kama sababu yako ni mfuko na si imani, yai moja moja au dagaa wa kusaga ndani ya mlenda wanabadilisha sana hesabu.

Na vidonge vya kliniki? Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku. Rudi kwenye hesabu yetu: hata kidonge cha miligramu 60 kikifyonzwa asilimia 10 tu, umepata 6. Lile pengo limezibwa. Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu na choo cheusi. Choo cheusi ni kawaida. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku pamoja na chakula, bila chai. Orodha inayokuambia rosela inatosha badala ya vidonge inahatarisha maisha yako.

Chumvi pia iwe yenye madini joto, maana mboga za bara haziaminiki kwa hilo. Na damu ikikataa kupanda licha ya yote haya, chakula si mtuhumiwa pekee: kuna malaria, minyoo na selimundu, na vyote hupimwa.

Hukumu yetu

Orodha ya "vyakula vya kuongeza damu" imefeli, hata kama majina mengi yaliyomo ni sahihi. Imefeli kwa sababu inampa mama majina wakati anahitaji vitendo, inampa chakula asichonacho ikanyamazia alichonacho, na inazungumza naye peke yake kana kwamba yeye ndiye mwenye sauti ya mwisho juu ya chungu. Nani anaamua kuku auzwe? Nani anapakuliwa kwanza? Nani anamwambia asile sana ili mtoto asiwe mkubwa akamsumbua leba? Mara nyingi ni mume, mama mkwe, wifi. Karatasi ile ingeanza na "Baba, soma hii", pengine ingefanya kazi zaidi.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika karatasi kama hiyo, iwe ni kwa kliniki, kanisani, msikitini au kundi la familia, ianze na mistari minne: loweka na uoteshe, ubuyu au tunda pamoja na mlo, chai baadaye, vidonge kila siku. Maini yaje mstari wa tano, kwa mwenye nayo.